Migomba Haizungumzi

Kosa ninalolikumbuka kuliko yote katika ualimu wangu lina maneno mawili, na niliyaandika mwenyewe kwa wino mwekundu: "Upepo ulitulia."

Ilikuwa mwaka 1986, darasa la tano, katika shule moja ya msingi huku Old Moshi, mteremkoni mwa Kilimanjaro, juu kwenye migomba. Niliwapa insha ile ambayo kila mwalimu wa Kiswahili huitoa akiwa amechoka, "Siku Nisiyoisahau". Binti mmoja aliandika habari za asubuhi aliyofariki babu yake. Daftari lake lilinuka moshi wa kuni, maana jikoni ndiko kulikokuwa na mwanga wa kuandikia. Mistari ya mwanzo ilikuwa ya kawaida, ng'ombe amekamuliwa, chai imeinjikwa, jirani kaja mbio. Kisha sentensi hii: "Babu alipokata roho migomba ilinyamaza."

Nikaikata. Pembeni nikaandika, "Migomba haizungumzi, kwa hiyo hainyamazi." Juu yake nikampa sentensi sahihi, hiyo ya upepo. Nikamwekea kumi na moja kwa ishirini, nikavuta daftari lililofuata. Yalikuwa hamsini na manne.

Watu wakisikia kwamba nilikuwa mwalimu wa kijijini na pia naandika hadithi, hudhani kazi moja ilikuwa ikiilisha nyingine. Wananiambia, "Mwalimu, wewe ulibahatika, ulikaa na watoto na wazee, hadithi zilikuwa zinakufuata mlangoni." Zilinifuata, kweli. Mimi ndiye niliyekuwa nazifungia nje, na kalamu nyekundu ndiyo iliyokuwa komeo.

Nilianza kazi Julai 1981, Daraja la Tatu A, nikiwa na sanduku la bati na godoro la sponji lililofungwa kwa kamba ya katani. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limeleta elimu kwa wote, na madarasa yalijaa kabla walimu hawajatosha. Mimi nilifundisha Kiswahili na Historia, na kwa mihula miwili nilifundisha Sayansi Kimu, kwa sababu mwenye somo alikwenda likizo ya uzazi na kila aliyeangaliwa aliangalia pembeni. Usiku mke wangu ananifundisha kukaza kifungo, asubuhi mimi nawafundisha watoto. Hakuna aliyejua, isipokuwa mtoto mmoja wa kike aliyeniambia kwa heshima zote kwamba uzi wangu ni mrefu mno.

Miaka ile kila kitu kilikuwa cha foleni. Chaki moja tuliivunja mara tatu. Daftari moja mtoto alilianza mbele kwa Kiswahili na nyuma kwa Hisabati, masomo yakawa yanaelekeana kama watu kwenye njia nyembamba, mpaka siku moja mtoto anasimama mezani kwako na kusema, "Mwalimu, zimegongana." Nilicheka. Lakini kuiandika mahali sikuiandika. Sikuwa bado najua kwamba hiyo ndiyo kazi.

Mtoto wa huku anapofika kwenye kengele (yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mparachichi) ameshabeba Kimochi cha nyumbani, yaani Kichagga chetu cha Old Moshi, Kiswahili cha barabarani, na anakuja kukutana na Kiswahili changu mimi, kile cha chuoni kilichopigwa pasi. Nilipokuwa mwanafunzi mwenyewe, aliyenaswa akisema Kichagga alivishwa kipande cha ubao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwingine. Ubao ule niliuchukia. Nilipokuwa mwalimu sikumvisha mtoto ubao, nikajiona mtu wa maendeleo. Badala yake nilikuwa nawavisha madaftari yao wino.

Mfano ninaoutumia kila nikiombwa kuzungumza na walimu vijana ni huu. Mvulana aliandika, "Baba anakujaga Krismasi." Nikakata "anakujaga", nikaandika "huja". Kwa sarufi ya darasani nilikuwa sahihi, na ningefanya hivyo tena karibu na mtihani wa darasa la saba. Ila sikilizeni. "Baba huja Krismasi" ni ratiba ya basi. "Baba anakujaga Krismasi" ni mtoto aliyekaa ukutani Desemba yote anahesabu magari yanayopanda kutoka Kiboriloni, sokoni kwetu kule chini. Hiyo "-ga" ina vumbi ndani yake, ina mama anayepiga deki mara mbili. Nilimfutia baba yake akabaki na kitenzi.

Wakati huohuo nilikuwa naandika. Saa kumi alfajiri, koroboi, nyuma ya karatasi za mitihani zilizobaki. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vya watu wa pwani na nikaamini kwamba hadithi ya Kiswahili lazima iwe na minazi. Sikutanii. Niliandika riwaya nzima yenye jahazi, mimi niliyeiona bahari mara mbili maishani. Wahusika wangu walikuwa wakisema "ewe" na "la hasha" huku wakila mtori. Mke wangu alisoma sura ya kwanza akaniuliza, "Hawa watu wanaishi wapi?"

Riwaya ya pili niliileta huku mlimani. Ilikuwa habari ya ndugu wawili waliogombea kihamba, yaani shamba la urithi la ukoo, kahawa ikiwa ndiyo roho ya kila kitu. Kurasa mia mbili na kumi kwa mkono. Nikaifunga kwenye gazeti, nikaituma Dar es Salaam kwa mchapishaji mmoja, kwa basi. Nakala moja tu. Karatasi ya kaboni ilikuwepo ofisini lakini nilidhani kaboni ni ya barua za serikali. Nikangoja mwaka, nikangoja wa pili. Mwaka wa tatu ikaja barua ya mistari minne: mswada una maneno mengi ya kienyeji, lugha si sanifu. Mswada wenyewe haukurudi. Nilipokwenda kuufuata, kijana wa mapokezi alinionyesha chumba chenye mafurushi mpaka darini, akaniambia, "Tafuta, Mwalimu." Nilitafuta kuanzia asubuhi mpaka saa tisa mchana. Niliona mafurushi ya watu wengi ambao bila shaka bado walikuwa wanangoja.

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipohisi kalamu nyekundu kutoka upande wa pili. Sitasema niligeuka siku ile. Nilirudi nikiwa na hasira, na mwalimu mwenye hasira husahihisha kwa ukali zaidi. Aliyenigeuza ni Mangi Meli, mtawala wetu wa zamani.

Silabasi ya Historia ilikuwa na Mkwawa na ilikuwa na Kinjekitile, na hiyo ni haki yao. Lakini watoto wangu kila siku walikuwa wanapita njia ya kwenda Tsuduni, mahali Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900, na kitabu kilikuwa hakina la maana juu yake. Basi Ijumaa moja, kwa uvivu zaidi kuliko kwa hekima, sikuandaa somo. Nikawaambia, "Nendeni mkawaulize bibi na babu habari za Meli. Andikeni kama mlivyoambiwa." Neno la kuniponza lilikuwa hilo, kama mlivyoambiwa.

Jumatatu wakaja na Meli hamsini tofauti. Meli mrefu, Meli mfupi, Meli aliyesalitiwa na jirani, na jirani mwenyewe anabadilika kulingana na ukoo wa bibi anayesimulia. Mmoja aliandika kwamba bibi alikataa kusimulia mpaka ng'ombe akatiwe majani kwanza, na nusu ya insha ni habari ya kukata majani. Nilichukua kalamu nyekundu kama kawaida. Nikafika ukurasa wa pili wa daftari la kwanza nikaona siwezi. Nikisahihisha, kila bibi atazungumza kama mimi. Nikaweka kalamu, nikasoma yote hamsini na kitu, chai ikapoa. Usiku ule nilianza daftari la kuandikia maneno ya watu, na la kwanza kuingia lilikuwa "zimegongana". Bado ninalo. Sasa yamefika kumi na tisa.

Kuna jambo moja limekuwa likinisumbua tangu hapo. Mmisionari Bruno Gutmann alikaa Kidia, hapa hapa, miongo kadhaa hadi 1938, akaandika vitu vingi sana kuhusu Wachagga, sheria zao, nyimbo, mafundisho ya vijana. Aliyaandika kwa Kijerumani. Akili za mababu zetu ziko kwenye rafu za Ulaya, na mjukuu akitaka kujua babu yake alimwambia nini mwanawe chini ya mgomba sharti ajifunze lugha ya waliomnyonga Meli. Simlaumu mzee wa watu, yeye angalau aliandika. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu naye mwaka 1947 alitoa kitabu kwa Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga, na katika miaka ya hamsini Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, lililochapwa Moshi. Kwa hiyo uandishi hapa haukuanza na mimi wala na mtu yeyote wa kizazi changu. Tulikuwa tumekatikiwa tu, kama mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia mashamba, ulioziba juu na watu wa chini wanadhani mto umekauka.

Mifongo naijua. Shamba la shule lilikuwa na zamu yake ya maji, na mwalimu wa zamu ndiye aliyepanda na watoto kuzibua majani.

Mwaka 1989 shule ilipata mashine ya saiklostaili kuukuu kwa ajili ya mitihani ya kata. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniambia naweza kuitumia Jumamosi, mradi wino na karatasi ninunue mwenyewe, na sakafu nipige deki. Kwa wasiowahi kuiona: unachapa kwenye stensili, karatasi laini yenye nta, bila utepe, herufi zinatoboa. Ukikosea kuna dawa ya waridi ya kupaka, ina harufu kama rangi ya kucha, unapuliza, unangoja, unachapa tena juu yake. Dawa ilikuwa ghali, kwa hiyo nilijifunza kufikiri kabla ya kugonga. Kisha unaivisha stensili kwenye pipa, unazungusha mpini, na karatasi zinatoka moja moja zikiwa mbichi. Wanafunzi wawili walizitandaza kwenye madawati zikauke. Kijitabu changu cha kwanza kilikuwa na kurasa ishirini na nne, nakala mia moja, kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Mshono ulikuwa imara. Sayansi Kimu haikupotea bure.

Nilikipeleka Kiboriloni siku ya soko, nikakipanga juu ya gunia kati ya mama wa magimbi na mzee wa tumbaku, bei sawa na kata mbili za mbege. Siku ya kwanza niliuza saba. Nikadhani kimeshindikana, mpaka jioni nilipopita kilabuni nikakuta nakala moja mikononi mwa kijana aliyemaliza darasa la saba, anasoma kwa sauti, na watu kama ishirini wamenyamaza na kata zao. Kitabu kimoja kilabu kizima. Kwa biashara ni msiba. Nikakaa nyuma nisionekane.

Hawakusikiliza kama darasa. Walikuwa wakimkata msomaji. Kwenye hadithi yangu mwizi anafungua maji ya mfongo usiku wa manane. Meku mmoja, yaani mzee, akainua mkono, "Ngoja. Usiku maji yanalala ndani ya nduwa, na nduwa ina mlinzi. Huyo ameibaje?" Nduwa ni bwawa la kuhifadhia maji ya mfongo. Wakabishana nusu saa. Mwingine akasema mwizi anamjua, akataja na ukoo, ingawa mimi nilimtunga kwa kichwa changu. Hakuna mhakiki aliyewahi kunisaidia kama wale walevi. Toleo la pili mwizi alifungua alfajiri, kabla ya mwenye zamu kufika, na hadithi ikawa nzuri zaidi, kwa sababu sasa ilibidi awahi.

Mwaka huohuo makubaliano ya kimataifa ya mgawo wa kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Sikuhitaji redio kuniambia. Niliona kwa viatu vya watoto. Miaka michache baadaye baadhi ya watu walikuwa wanang'oa mibuni na kupanda nyanya, na mkoani kwetu kung'oa mbuni ilikuwa sawa na kuuza jina la baba. Niliandika hadithi fupi juu ya mzee anayengojewa afe ili mibuni ing'olewe. Nilifika mahali pa kufa kwake nikakwama. Siku nne. Nikaandika pumzi, nikaandika machozi, kila nilichoandika kilikuwa cha kuazima. Siku ya tano mkono wenyewe ukaandika: "Alipokata roho migomba ilinyamaza."

Nilijua mara moja sentensi ni ya nani. Ningeweza kusema ilinijia. Waandishi tunapenda sana kusema "ilinijia". Haikunijia, niliichukua, tena kwa mtoto niliyemwambia ni kosa. Hadithi ikatoka kwenye gazeti mwaka 1993, nikalipwa shilingi elfu kumi na tano, nikanunua mabati matatu. Mwaka 2009 ikaingia kwenye mkusanyo wangu, kitabu cha kweli chenye mgongo, na watu walioisoma wakataja sentensi ile ile. Mmoja aliniambia inaonyesha ukomavu wa mwandishi. Nikasema asante.

Tarehe 27 Desemba 2011, Wachagga wote wakiwa bado juu kwa Krismasi na barabara ya Kidia imejaa magari ya kutoka Dar, mama mmoja aliingia uani kwangu na kijana wa kidato cha pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa anafanya biashara ya vitenge Arusha. Kijana wake ndiye aliyekutana na kitabu shuleni. Akakitoa kwenye mkoba, ukurasa umekunjwa pembe. Kisha akatoa kitu cha pili, na hicho sikukitegemea: daftari. Mama yake alikuwa amelitunza kwenye sanduku pamoja na kadi za kliniki. Akayaweka mezani sambamba, kitabu changu na daftari lake, wino wangu mwekundu umekwisha kuwa rangi ya chai.

"Mwalimu," akasema, "hapa ulinikosesha. Hapa umejipatisha."

Sikuwa na la kusema. Niliinuka nikaenda kwenye uzio, nikavunja jani la sale. Wasiokuwa wa huku waelewe kwamba jani hilo si la kupambia. Ukimletea mtu sale umemwomba radhi, na kwa desturi yetu aliyeletewa hana mlango wa kukataa. Nilikuwa nimefika nusu ya uwanja aliponizuia kwa mkono.

"Usinipe, Mwalimu. Ukinipa sale itabidi nikusamehe, na mimi bado nakudai. Ulilipwa shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akapiga hesabu kichwani, nikaona midomo inavyocheza, mwanafunzi wangu huyo. Kisha akasema deni hasa si lake. Yale maneno aliyasema bibi yake, asubuhi ileile, akiwa amesimama mlangoni. Yeye aliyaandika tu. Bibi yu hai, anaona kwa jicho moja, anasikia vizuri sana. "Nenda kwa bibi. Usiende mikono mitupu."

Kesho yake nilikwenda na mkungu wa mshare begani, mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na tatu, watoto wa watu wananiangalia. Bibi alikuwa amekaa juani, mjukuu na kitukuu pembeni. Nikamweleza yote, kuanzia daftari mpaka mabati. Nikamwomba, kama hatajali, anifafanulie alimaanisha nini siku ile aliposema migomba ilinyamaza. Nilikuwa na kalamu mfukoni. Ya buluu.

Akafikiri. Akauliza mjukuu wake kwa Kimochi kama kweli alisema hivyo, akajibiwa ndiyo. Akafikiri tena.

"Upepo ulikuwa umetulia," akasema.

Yule mama wa vitenge alianza kucheka kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta. Bibi hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameshaugeukia mkungu, anazihesabu chane kwa vidole, akataka kujua kama ni wa kihambani kwangu au nimeupitia Kiboriloni.